Sura ya Sita: Mwenye Kigingi Kifuani

Mvua za kwanza zinapoanguka Tunduma, kwa kawaida kuanzia Novemba, taa za mpakani hupokea wasafiri wasiojua pasipoti. Malori ya Zambia na Kongo yamejipanga tangu jioni, madereva wamelala au wanamalizia chai kwa mama lishe, na taa kubwa za kituo cha forodha zinawaka mpaka alfajiri. Kumbikumbi ndio hutangulia. Nyuma yao huja nondo, panzi na mende wa samadi, na katikati ya rundo hilo mdudu mrefu wa rangi ya udongo ambaye, akianguka chali kwenye zege, hukunja miguu na kutulia tuli. Halafu, ta! Amepanda juu kiasi cha shubiri, amepinduka hewani, na hakutumia hata mguu mmoja.

Asubuhi ufagio humzoa pamoja na mabawa ya kumbikumbi. Mjini humwita mende tu. Mkulima wa Mbozi akimkuta ukutani kwake humhesabu miongoni mwa wadudu wa mvua, akampuuza. Lakini mkulima huyohuyo, wiki chache baadaye, hufukua shina la mhindi lililonyauka na kukuta funza mwembamba, wa manjano, mgumu, anayeng'aa. Huyo hampuuzi hata kidogo. Aghalabu humtafutia dawa kabla ya kumtafutia jina.

Huenda funza yule na mdudu wa kwenye taa ni mnyama mmoja katika nyakati mbili za maisha yake. Huenda pia si mmoja. Kujua ni lipi kati ya hayo mawili ndiko kunakoamua kama fedha ya dawa itafanya kazi au itamwagwa ardhini, na ndiyo maana mbawakawa huyu mdogo anastahili sura nzima.

Tuanze na yule wa kwenye taa, kwa kuwa ndiye rahisi. Wataalamu humweka katika familia ya Elateridae, ukoo mkubwa wa mbawakawa wenye spishi zipatazo 10,000 zilizokwisha kuelezwa duniani, kuanzia wale wa milimita tatu hadi majitu ya Afrika yanayokaribia sentimita 8. Hapa tutamwita mbawakawa mfyatukaji. Umbo lake ni refu, bapa kiasi, limechongoka kuelekea mkiani. Sehemu ya mbele ya kifua imefunikwa na ngao kubwa, na hapo ndipo pa kutazama kwanza: pembe mbili za nyuma za ngao hiyo zimenyooka kwenda nyuma kama miiba, zikishika mabega ya mabawa magumu. Kichwa kimezama ndani ya ngao. Papasi mara nyingi zina meno ya msumeno. Rangi ni kahawia, nyeusi au kijivu cha vumbi, na si jambo la bahati mbaya kwamba rangi hizo ni zilezile za maganda ya miti na udongo wa nyika.

Alama ya kukata shauri iko chini ya kifua. Mpindue mdudu, utaona kigingi kinachotoka sehemu ya mbele ya kifua na kuelekea nyuma, mkabala na kishimo kilicho katikati ya kifua. Shingo yake, tofauti na mbawakawa wengine, haikukazwa. Sehemu ya mbele ya kifua inacheza juu na chini. Mwenye kigingi, kishimo na kiungo kinachocheza ni Elateridae, au ni ndugu zake wa karibu mno, ambao si wengi na hawaonekani kwa urahisi.

Wa kuchanganywa naye zaidi ni mbawakawa wa familia ya Buprestidae, wale wanaong'aa kijani, shaba au buluu, ambao watoto wa vijijini hupenda kuwafunga uzi. Umbo lao hufanana naye kweli. Ila kifua chao kimegandamana na mwili, hakipindi, na ukiwapindua chali watahangaika kwa miguu mpaka wachoke. Hao hupenda jua la mchana na maua ya migunga, wakati mfyatukaji wa kwenye taa ni mtu wa usiku.

Mfyatuko wenyewe umewashughulisha wanasayansi kwa muda mrefu kuliko mtu angetarajia. Mwaka 1972 Mwingereza M. E. G. Evans alichapisha uchunguzi wake wa spishi moja ya Ulaya, akaonyesha kwamba mdudu mdogo asiye na misuli ya kutisha hupata mchapuko unaozidi ule wa mvutano wa dunia mara mia kadhaa, na kuruka karibu sentimita 30. Rubani wa ndege ya kivita huzimia akizidishiwa mvutano huo mara tisa au kumi. Misuli peke yake haiwezi kazi hiyo. Hakuna msuli wa mnyama unaokaza kwa kasi namna ile.

Siri iko kwenye kusubiri. Mdudu aliyelala chali hukunja mgongo kwa nyuma hadi kigingi kinasa kwenye ukingo wa kishimo. Hapo msuli mnene ndani ya kifua huanza kukaza taratibu, na kwa kuwa kigingi hakiendi popote, nguvu huhifadhiwa katika ganda la mwili, ambalo hupinda kidogo. Kisha kigingi kinateleza. Kila kilichohifadhiwa hutoka kwa mara moja, ndani ya muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Anayetaka kuielewa fizikia yake akafyatue kidole gumba na cha kati: vidole husukumana kimya kwanza, na mlio huja pale msuguano unaposhindwa. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, akiwamo Ophelia Bolmin, walipitisha miale ya eksirei ndani ya mbawakawa hai na kuona jinsi kigingi, ganda na msuli vinavyogawana kazi hiyo. Walikuwa na roboti ndogo akilini mwao, zile zinazopinduka na kushindwa kuinuka.

Ajabu ni kwamba mruko wenyewe ni wa kubahatisha. Gal Ribak na Daniel Weihs, watafiti wa Israeli, walipopima miruko mingi waligundua kuwa mdudu hapangi ataangukia wapi. Huruka karibu wima, hupinduka hewani apendavyo Mungu, na uwezekano wa kutua kwa miguu hauzidi sana ule wa shilingi iliyorushwa. Akitua chali tena, hurudia. Kwa hiyo maelezo ya kwamba Mwenyezi Mungu alimpa mfyatuko ili ajipindue ni nusu ya habari. Nusu ya pili anaijua kuku: kitu kilichokwisha kufa kinapopiga kelele na kutikisika ndani ya mdomo, hutemwa kwanza na kufikiriwa baadaye.

Kutoka jina la familia hadi jina la spishi ni safari nyingine. Mbelgiji Ernest Candèze, daktari wa Liège, alitumia miaka 1857 hadi 1863 kutoa kazi yake kubwa ya juzuu nne juu ya Elateridae wa dunia nzima, na tangu hapo majina yameongezeka na mengine kufutwa. Sehemu ya mbawakawa wa kusini-magharibi mwa Tanzania walisafiri mapema kuliko wenyeji wengi wa huko. Daktari wa jeshi la Wajerumani, Friedrich Fülleborn, alikusanya wanyama na wadudu katika nchi za kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwishoni mwa miaka ya 1890, na masanduku yake yakaenda Berlin. Kwa hiyo mtu wa Ileje anayetaka kumlinganisha mdudu wake na kielelezo cha kwanza cha jina hilo huenda akalazimika kuandika barua Ulaya.

Bila Berlin bado kuna mengi yanayoonekana kwa kioo cha kukuzia cha bei ndogo. Kati ya mabawa mawili magumu, pale yanapokutana na ngao, kuna kibamba kidogo cha pembetatu. Kikiwa na umbo la moyo, na mdudu mwenyewe ni mdogo, mnene kiasi, wa milimita tano hadi kumi, basi yuko katika kundi la Cardiophorinae. Mwili ukiwa umefunikwa na magamba madogo ya rangi ya tope, na chini ya ngao kuna mifereji ambamo mdudu huficha papasi zake anapojifanya amekufa, mtafute karibu na jenasi Agrypnus. Na akiwa na urefu wa kidole cha mkono, kahawia iliyokolea yenye manyoya laini mafupi, huyo hahitaji kioo. Ni Tetralobus, jitu la ukoo, na tutarudi kwake.

Haya yote lakini ni maisha ya wiki kadhaa, miezi ikizidi. Mbawakawa kamili hutoka, hutafuta mwenzake, hutaga, hufa. Wengi hula kidogo tu, chavua au utomvu au jani. Uzito wa maisha yake uko kabla ya hapo, gizani.

Jike huingiza mayai kwenye udongo wenye unyevu, sentimita chache chini, mara nyingi penye nyasi. Mayai na lava wachanga hawavumilii ukavu. Ndiyo sababu msimu wa kuruka umefungamana na mvua. Lava anapoanguliwa ni mweupe na laini. Kadiri anavyojivua ngozi ndivyo anavyokuwa wa manjano au kahawia, mgumu, mwenye miguu mitatu kila upande karibu na kichwa na hakuna mingine. Huyu ndiye funza waya. Katika nchi za baridi hukaa hali hiyo miaka hadi minne au mitano kabla ya kujichimbia chumba kidogo cha udongo na kugeuka pupa. Katika joto la tropiki spishi nyingi huharakisha. Udongo unapokauka yeye hushuka chini. Mvua zikirudi hupanda, na ni hapo anapokutana na mbegu ya mtu.

Mkutano huo haufanyiki kwa bahati. Mbegu inayoota na mizizi inayokua hutoa hewa ya kaboni dayoksaidi, na funza waya huifuata katika nafasi ndogo zilizo kati ya chembe za udongo. Akifika, hatafuni na kumeza kama kiwavi. Hutafuna, hutema vimeng'enya vinavyoyeyusha chakula nje ya mwili, kisha hunyonya maji yake, na manyoya mdomoni huchuja mabaki. Ndiyo maana mbegu aliyoipitia hubaki ganda, na shina changa huwa na tobo moja safi chini ya usawa wa ardhi, wakati jani la katikati juu linaanza kunyauka.

Mkoa wa Songwe, uliozaliwa rasmi mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, ni nchi ya mahindi. Uwanda wa Mbozi, kuzunguka Vwawa na Mlowo, una udongo mzuri na mvua ya kuaminika, na juu yake kuna kahawa pia. Shamba hapa lina maadui wengi, na tangu viwavijeshi vamizi waingie nchini mwaka 2017, wakionekana kwanza kwa majirani wa Rukwa, kila mhindi ulioharibika umekuwa ukihesabiwa kwao. Hilo ni kosa linaloeleweka lakini la gharama. Kiwavijeshi hula juu, ndani ya kikombe cha majani, na kuacha kinyesi kama unga wa mbao. Sota hukata mche usiku usawa wa ardhi na kuuacha umelala. Funza mweupe aliyejikunja nusu duara na kichwa cha kahawia ni wa mbawakawa wa jamii nyingine kabisa. Funza waya haonekani. Anayeonekana ni mhindi uliokosa kutokea.

Kisha kuna yule wa kughushi. Katika udongo wa mashamba ya Afrika Mashariki huishi funza wengine, wagumu, wa manjano, wembamba, ambao mtu akiwaweka kiganjani pamoja na funza waya atahitaji muda. Ni lava wa familia ya Tenebrionidae. Mmoja wao, Gonocephalum simplex, ni mbawakawa mfupi wa rangi ya vumbi anayejulikana sana kwa watu wa kahawa: yeye mwenyewe, si lava wake tu, hutafuna magome ya mashina machanga, na asubuhi hupatikana amejificha chini ya matandazo na madongo ya udongo. Huyo hafyatuki. Hana kigingi wala kishimo.

Kuwatofautisha wakiwa lava kunahitaji kutazama kichwa. Cha funza waya wa kweli ni bapa, kana kwamba kimekandamizwa, na kwa mbele kina ukingo mgumu wenye meno badala ya mdomo wa juu. Cha yule wa kughushi kimevimba, mdomo wa juu unaonekana wazi, papasi ni ndefu zaidi, na miguu ya mbele ni minene kuliko iliyobaki kwa kuwa ndiyo anayochimbia. Funza waya ana miguu inayokaribia kulingana yote sita. Mkia nao husema: baadhi ya Elateridae humalizika kwa ncha moja kali, wengine kwa sahani bapa yenye pengo na kulabu mbili. Mkulima anayekwenda kwa bwana shamba na lava wawili kwenye kichupa cha spiriti amekwisha kufanya nusu ya kazi. Anayekwenda na jani lililonyauka ameleta malalamiko tu.

Na hata akithibitika kuwa Elateridae, bado hajahukumiwa. Familia hii ina walaji mizizi, lakini ina wawindaji wengi pia. Lava wa aina nyingi za jamaa ya Agrypnus huwinda lava wa wadudu wengine udongoni na ndani ya magogo yanayooza, wakiwamo wale wanaotoboa miti. Sumu inayomwagwa shambani kwa hofu ya funza waya inaweza kumwondoa askari na kumwacha mwizi.

Tatizo hilo si la Mbozi pekee, wala si la wakulima wadogo pekee. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, Uingereza iliamuru malisho ya zamani yalimwe kwa ajili ya nafaka na viazi, maana meli za chakula zilikuwa zikizamishwa baharini. Chini ya nyasi zile walikuwamo funza waya waliojikusanya kwa miaka mingi. Walipokosa mizizi ya nyasi waligeukia ngano. Serikali ikalazimika kutuma watu shamba kwa shamba kuchimba vipande vya udongo na kuhesabu funza, na mazao ya kupanda yakaamuliwa kwa hesabu ile: penye wachache ngano, penye wengi jamii ya mikunde, ambayo huwastahimili vizuri zaidi. Mtu wa Momba anayefungua pori la nyasi kwa mara ya kwanza anafungua akaunti ileile, na mwaka wa kwanza na wa pili ndiyo ya hatari zaidi.

Kuhesabu huko hakuhitaji mashine. Wiki moja au mbili kabla ya kupanda, mtu huzika konzi za mahindi yaliyolowekwa usiku mmoja, au vipande vya kiazi, kina cha kiganja, sehemu kadhaa za shamba, na kuweka kijiti juu yake. Baada ya siku chache hufukua. Hewa ya mbegu zinazoota imewaita waliopo, na sasa wanahesabika. Kulima mapema na kuacha udongo wazi juani huwaleta juu mbele ya kanga, kunguru na yangeyange, ambao hufuata jembe la ng'ombe bila kualikwa. Kubadilisha mazao hupunguza. Dawa za kupaka mbegu nazo zipo madukani, na juu yake kuna jambo la kujua: huko Kanada, Robert Vernon na Willem van Herk walionyesha kuwa dawa za kundi la neonikotinoidi mara nyingi haziui funza waya. Humlewesha. Hulala miguu juu kwa wiki au miezi, mmea ukapata nafasi ya kukua, kisha huamka akiendelea na maisha. Mkulima huona shamba zuri na kudhani funza wameisha. Wapo, na mwaka unaofuata wamenenepa.

Sasa yule jitu.

Mtu akitoka Tunduma kuelekea kaskazini, uwanda hushuka kwenye bonde la Rukwa. Kutoka zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari huko Mbozi, anafika kwenye joto la Kamsamba na kingo za Ziwa Rukwa, mita 800 tu. Kati ya ncha hizo mbili kuna miombo, au palipokuwa na miombo, na ndani yake vichuguu vikubwa vya mchwa wa jenasi Macrotermes, vingine virefu kuliko mtu. Wenyeji hupanda maboga na mahindi juu yake kwa kuwa udongo wake una rutuba kuliko ule wa pembeni. Wafyatua matofali huuchimba kwa kuwa una mfinyanzi. Mvua zikikolea, uyoga hutoka humo, kwa maana mchwa hawa ni wakulima wa kuvu wa jenasi Termitomyces. Mmoja wao, Termitomyces titanicus, aliyepewa jina mwaka 1980 kutokana na vielelezo vya Zambia, hukunjua mwavuli unaoweza kukaribia mita moja.

Humo ndimo Tetralobus anamolelewa. Linnaeus alikwisha kumpa jina la kisayansi mmoja wao, Tetralobus flabellicornis, mwaka 1767, akimweka kwenye jenasi Elater pamoja na wafyatukaji wengine wote wa wakati wake. Lakini watu wa makumbusho walikuwa na mdudu mkubwa mwenye papasi za ajabu na hawakuwa na utoto wake. Ilichukua zaidi ya miaka 200. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mfaransa Claude Girard, akifanya kazi kwenye savana za Afrika Magharibi, alieleza lava waliopatikana ndani ya vichuguu vya mchwa. Hawakufanana na funza waya hata kidogo. Lava anaanza maisha akiwa mwembamba na mwenye kutembea. Katika hatua zinazofuata hubadilika umbo, akawa mnene, mweupe, mlaini, mwenye miguu isiyo na kazi kubwa, kama inavyomfaa mpangaji ambaye haendi popote. Katika familia inayojulikana duniani kwa lava wagumu, huyu ameasi.

Dume lake ndilo linalovutia macho kwenye taa. Kila kipande cha papasi zake kimetoa tawi refu bapa, na matawi hayo hufunguka na kufunga kwa pamoja. Jike hana, papasi zake zina meno tu. Tofauti ya namna hiyo miongoni mwa wadudu kwa kawaida huenda pamoja na dume anayemtafuta jike kwa harufu, na eneo kubwa la papasi lina maana ya harufu zaidi iliyonaswa. Katika nchi ambako kichuguu kimoja kinaweza kuwa mbali na kingine, na ambako majitu haya hayaruki kwa makundi, pua nzuri si anasa.

Hapo mazingira yanaanza kueleza usambaaji. Mfyatukaji mdogo wa nyasi hudumu popote palipo na nyasi: kwenye matuta ya Ileje, kando ya Mto Songwe mpakani na Malawi, hata kwenye hifadhi ya reli ya TAZARA. Lava wa kwenye magogo anahitaji gogo lililoachwa lioze, na katika kilomita nyingi za kuzunguka Tunduma, mji unaopika kwa mkaa, gogo halipewi muda huo. Tetralobus anahitaji kichuguu kilicho hai. Kichuguu kinaweza kubaki katikati ya shamba la mahindi kwa miaka, kwa hiyo jitu huvumilia kilimo kuliko ndugu zake wa kwenye magogo; asichovumilia ni kichuguu kufyatuliwa matofali. Mji unaokua kwa kasi ya Tunduma hujenga.

Anayetaka kuwakusanya kwa manufaa ya wengine hana haja ya vifaa vya gharama. Taa, shuka jeupe, usiku usio na mbalamwezi baada ya mvua, na chupa. Kilicho muhimu kuliko mdudu mwenyewe ni karatasi inayoambatana naye: kijiji, wilaya, mwinuko, tarehe, aliyekusanya, na kama alipatikana kwenye taa, chini ya gome, shambani au kwenye kichuguu. Mdudu asiye na karatasi hiyo ni pambo. Mwenye nayo anaweza kupelekwa kwa watafiti wa kilimo wa TARI Uyole, Mbeya, au kwenye kituo cha utafiti wa kahawa cha Mbimba, Mbozi, na kwa kulinganisha zaidi kuna mkusanyiko mkubwa wa wadudu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi.

Lakini kazi inayolipa zaidi ni ya nyumbani, na inahitaji subira kuliko ujuzi. Funza aliyetolewa shambani huwekwa peke yake, maana wakikaa wawili mmoja anaweza kumla mwenzake, kwenye kopo la udongo uleule, wenye unyevu bila kulowana, akapewa punje zinazoota au kipande cha karoti. Huenda akakaa msimu mzima, huenda akazidi. Siku atakapokuwa pupa asiguswe. Mbawakawa akitoka, aachwe siku kadhaa ganda lake likauke na rangi ikolee, kisha ngozi ya mwisho aliyoivua akiwa lava itafutwe ndani ya udongo na kuwekwa kwenye kichupa kimoja naye. Ngozi hiyo ina kichwa bapa, meno ya mbele na kulabu za mkia, kila kitu cha kumtambulia; na mtu atakayeziona zote mbili chini ya lebo moja ataweza kumtaja kwa jina funza wa shamba jingine kabla hajapata mabawa.